Likizo ya Jamaa na Haja ya Mpanda Baiskeli

Miongoni mwa mambo ambayo nyumba zetu nyingi huyaamua kwa pupa ni safari ya likizo. Fedha huwekwa akiba mwaka mzima, kisha mahali pa kwenda huchaguliwa kwa jioni moja, na aghlabu kwa mapenzi ya mtu mmoja. Ikiwa mtu huyo ni mpenzi wa baiskeli, matokeo yake yajulikana. Huondoka kabla ya jua kupanda, hurudi adhuhuri hana nguvu hata ya kuzungumza, akala, akalala. Na watoto waliokuwa wakingojea kupelekwa baharini wakabaki kuitazama bahari kwa mbali. Siku saba zikapita hivyo. Yeye atasema likizo ilikuwa njema, na nyumba nzima itanyamaza.

Hatusemi kwamba baiskeli ni jambo baya. Ni afya kwa mwili na faraja kwa moyo uliochoka na kazi. Wala hatumshauri mtu aiache nyumbani, kwani aliyenyimwa akipendacho huwa mwenzi mzito safarini. Tusemalo ni hili: mahali pa likizo pachaguliwe kwanza kwa wale wasiopanda baiskeli, kisha zitazamwe njia zitokazo hapo. Mwenye baiskeli aweza kuifuata njia popote ilipo. Mtoto wa miaka minne hawezi kuifuata bahari.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, na tutwae mfano mmoja ulio karibu na wasomaji wetu wengi: kisiwa cha Unguja, na hasa pwani yake ya kusini mashariki, kuanzia Bwejuu mpaka Jambiani, na Paje ikiwa katikati. Kutoka mjini Zanzibar hadi Paje ni kiasi cha kilomita 50 za lami. Atokaye Dar es Salaam atavuka kwa boti kwa muda wa saa mbili hivi. Naye aulize mapema kama baiskeli yake itachukuliwa na kwa nauli gani, asije akabishana bandarini huku jamaa wake wamesimama juani.

Kwanza tuitazame ardhi. Unguja ina urefu wa kiasi cha kilomita 85, na mahali pake pa juu, ukingo wa Masingini, hapazidi sana mita 120. Upande wa mashariki ni tambarare ya mawe ya matumbawe. Kwa hiyo hata kijana aliyejifunza baiskeli juzi, wa kiume au wa kike, aweza kumfuata mzazi wake kwa masafa mafupi. Jambo hili si dogo, kwa kuwa mapenzi ya mtu mmoja yakiweza kushirikiwa na wawili au watatu, ugomvi umekwisha nusu.

Pili, bahari. Mbele ya pwani hiyo upo mwamba uzuiao mawimbi makubwa, na ndani yake maji ni ya kina kifupi. Lakini maji hayo hupwa mbali sana, na asiyelijua hili atawaleta watoto kuogelea akute mchanga mtupu. Zipo siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Na zipo siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo tofauti huwa ndogo. Katika pwani yetu, siku za bamvu maji hupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Siku za maji mafu hujaa katikati ya asubuhi. Kila siku wakati huo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Basi nyumba yenye kalenda ya Hijri ukutani tayari ina nusu ya habari za bahari.

Hapa ndipo haja za pande mbili zinapokutana. Likizo ikiangukia karibu na mwezi mosi au mwezi kumi na tano, asubuhi yote ni ya mpanda baiskeli, maana bahari imekwenda zake. Watoto huokota makombe na kutazama samaki wadogo katika madimbwi, nao waonywe wasikanyage mashamba ya mwani ya wanawake wa vijiji hivyo. Alasiri maji yakijaa, baba awe pwani pamoja na wanawe. Ikiangukia siku za maji mafu, arudi mapema zaidi, saa mbili asubuhi, kwani wakati mwema wa kuogelea ndio huo unaokaribia. Hivyo likizo ya siku kumi huwa na siku za namna zote mbili, na kila mmoja ajua zamu yake.

Tatu, majira na upepo. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, si wakati wa safari hii. Na vuli, ifikapo Novemba, nayo ina mvua zake. Yabaki majira mawili. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, jua ni kali na joto hupita nyuzi 30. Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba, hewa ni ya ubaridi kidogo na mvua ni chache. Nasi twaona kwamba haya ndiyo majira bora kwa mpanda baiskeli, ijapokuwa pwani ya mashariki huwa na upepo mwingi. Na kanuni yake ni nyepesi: toka nyumbani ukiukabili upepo, urudi ukisukumwa nao. Wakati wa kusi aelekee kusini, kupitia Jambiani hadi Makunduchi, kiasi cha kilomita 20, kisha ageuke. Wakati wa kaskazi aelekee kaskazini, kupitia Bwejuu hadi Michamvi, zaidi kidogo ya kilomita 15. Afanyaye kinyume atachoka mwishoni, na uchovu huo ataubeba mpaka mezani kwa watoto wake.

Nne, saa. Mtu akisali alfajiri na kutoka kunapopambazuka, kiasi cha saa kumi na mbili, aweza kwenda kilomita 40 na kurudi kabla ya saa tatu, wenzake wakiwa ndiyo kwanza wanakunywa chai. Baada ya saa nne jua halina urafiki na mtu, na lami humrudishia joto usoni. Achukue maji ya kutosha, avae kofia ngumu ya kukinga kichwa, apite kushoto, wala asishindane na magari. Na nguo zile za kubana azivike juu yake kitu cha stara apitapo vijijini, kwani wenyeji wana heshima yao.

Kuhusu chombo chenyewe, atazame matairi. Njia za ndani zina mchanga mzito na mawe makali. Tairi jembamba la mashindano halifai huko. Achukue mipira miwili ya akiba, viraka, solisheni na pampu. Mafundi wako vijijini, kwa kuwa baiskeli Unguja ni chombo cha kila siku cha mvuvi na mwanafunzi, lakini si kila kifaa cha baiskeli ya kigeni kitapatikana kwao. Kila arudipo, aoshe cheni kwa maji matamu na kuipaka mafuta. Chumvi ya pwani huila upesi.

Tumesema kwamba siku moja katika likizo yafaa iwe ya safari ndefu, nayo iwe ya wote. Kutoka Paje hadi Kizimkazi Dimbani kwa njia ya Makunduchi ni kama kilomita 30. Mpanda baiskeli atangulie alfajiri. Jamaa wafuate kwa gari la kukodi. Wakutane kwenye msikiti wa kale wa Kizimkazi, ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Watoto waonyeshwe kwamba watu walisujudu hapo zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Kisha wale samaki, na baiskeli irudi juu ya gari. Siku nyingine waweza kufanya vivyo hivyo katika msitu wa Jozani, chini ya kilomita 20 kutoka Paje, ambao tangu 2004 ni hifadhi ya taifa, na ambamo kima punju huvuka barabara bila kumjali mpita njia.

Atakaye vilima asiende Unguja kisha akalalamika. Pemba ina vilima vifupi vingi na vivuli vya mikarafuu, lakini mvua yake ni nyingi zaidi. Atakaye mlima wa haki yupo Mombo, apande hadi Lushoto, kiasi cha kilomita 33 za kupanda; ila huko ni baridi na ukungu, wala si likizo ya jua. Hiyo na iwe safari yake na rafiki zake, siku nyingine.

Mwisho, shauri letu kwa wenye nyumba ni kwamba kabla nauli haijalipwa, wote waketi pamoja, hata mdogo, na kila mmoja aulizwe jambo moja asilotaka kulikosa. Yaandikwe. Mahali patakapoyakusanya mengi zaidi ndipo pa kwenda. Baiskeli hutengenezwa ikivunjika. Utoto wa mwana ukipita hauna fundi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.