Mtoto asimulie kwanza, kisha aandike

Katika shule zetu nyingi mtoto wa darasa la kwanza au la pili hujifunza kuandika kwa kunakili maneno ya ubaoni. Mkono unazoea herufi, lakini siku mwalimu akisema, "Andika hadithi," mtoto anabaki kimya. Hakukosa akili. Hajaona bado kwamba maneno ya kinywa chake yanaweza kukaa katika daftari.

Jioni, mama akipika bugali, mtoto huyo huyo anawasimulia wadogo wake jinsi Sungura alivyomdanganya Fisi. Tuanzie hapo.

Huko Chicago, Marekani, mwalimu Vivian Paley alifanya hivyo na watoto wadogo, akaeleza kazi yake katika kitabu Wally's Stories cha mwaka 1981. Mtoto alisimulia, mwalimu akaandika, kisha darasa likaigiza. Kazi hiyo haidai vifaa vya bei kali. Hata mwenye watoto 50 anaweza kuchukua hadithi mbili kwa siku.

Kwanza, mtoto asimulie kwa lugha anayoijua. Sheria ya elimu ya 2014 nchini mwetu inakubali lugha za taifa na za mahali katika madarasa ya mwanzo.

Pili, tuandike maneno yake jinsi alivyoyasema, tena tumsomee tukionyesha kila neno kwa kidole.

Tatu, wenzake waigize. Hapo mmoja atauliza, "Sasa Fisi aliingia kupitia wapi?" Mwenye hadithi atatambua kwamba ameruka jambo, naye ataliongeza. Ndivyo anavyojifunza kupanga habari ili mwingine aielewe.

Nne, achore picha tatu: mwanzo, shida, mwisho. Chini ya kila picha aandike mwenyewe maneno machache. Tusahihishe kosa moja au mawili tu, mengine yatangoje.

Kati yetu wako watoto waliokimbia vita. Tusiwalazimishe kueleza waliyoyaona. Mtoto akisimulia habari ya mbuzi aliyepotea njia, tupokee hadithi ya mbuzi, tumwachie yeye achague mwisho wake.

Wazazi na walimu wa shule ya Jumapili, juma hili tumketishe mtoto mmoja, tumsikilize, tuandike. Chini ya hadithi tuweke jina lake, naye alisome mbele ya wenzake.