Mabingwa wa Sahani na Dosari Zao

Ukiuliza chakula gani ni bora kuliko vyote, kila mtu atakutajia chake. Mtaalamu wa lishe atasifu mboga za majani, mwanamazingira atasifu mikunde, mfugaji hatakubali ng'ombe asemwe vibaya, na mwenye duka la vyakula vya afya atakuonyesha poda ya bei ya kutisha. Orodha hii inawapanga washindani kwa vipimo viwili tu: kinaupa mwili nini, na kinaigharimu nini ardhi, maji na hewa. Washindi wengi hawamo kwenye rafu za supamaketi. Wanapimwa kwa kisado Mwanza na kwa gorogoro Kisumu. Lakini hakuna masika yasiyo na mbu, na kila bingwa tumemwandikia na dosari yake.

Protini inayochafua hewa kidogo: mikunde

Mwaka 2018 Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science hesabu iliyokusanya takwimu za mashamba takriban 38,000 kutoka nchi 119. Walipima gesijoto zinazotoka ili kupata gramu 100 za protini. Nyama ya ng'ombe wanaofugwa kwa ajili ya nyama ilikuwa na wastani wa kilo 50 hivi. Kuku hakufika kilo 6. Njegere hazikufika hata nusu kilo.

Pengo hilo lina sababu zake. Ng'ombe anapocheua hutoa methani, na katika nchi nyingi malisho yake hupatikana kwa kufyeka misitu. Kunde, choroko, dengu na mbaazi, kwa upande wao, zina vinundu mizizini ambamo bakteria hunasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hazidai mbolea nyingi ya dukani. Mbaazi inazidi wenzake kwa jambo moja: mizizi yake hutoa asidi inayofungua fosforasi iliyong'ang'aniwa na chuma udongoni. Mahindi yanayopandwa msimu unaofuata huikuta tayari. Anayekula mahamri kwa mbaazi za nazi asubuhi pale Mombasa anakula protini iliyoacha shamba likiwa na nguvu.

Dosari iko jikoni. Maharage makavu yaliyobandikwa bila kulowekwa hukaa motoni saa nyingi, na mkaa unaoteketea hapo ulikuwa mti. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yake, kisha yapike kwenye sufuria yenye mfuniko mzito au jiko la presha. Muda utapungua sana. Si jambo dogo: mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya wananchi waachane na kuni na mkaa wa kawaida ifikapo mwisho wake. Dosari ya pili ni soko. Mwaka 2017 India, mlaji mkuu wa mbaazi duniani, iliweka kikomo cha kuagiza kutoka nje, na bei ikaporomoka mikononi mwa wakulima wa Lindi na Mtwara. Zao ambalo wenyewe hatulili vya kutosha linategemea hamu ya watu wengine.

Hukumu ya ng'ombe nayo ina mipaka. Turkana au Simanjiro, ambako mvua haikidhi mahindi, mfugo hugeuza nyasi zisizoliwa na binadamu kuwa maziwa na nyama. Kumwambia mfugaji wa huko apande njegere ni kutojua ardhi yake.

Samaki anayeliwa bila kubakiza: dagaa wa Ziwa Victoria

Mshike dagaa mmoja mkavu. Ni mfupi kuliko kidole cha shahada, na kila kitu chake bado kipo: kichwa, macho, mifupa, magamba yanayong'aa. Vyote vinaingia sufuriani. Ndiyo maana dagaa, au omena kwa Wakenya na mukene kwa Waganda, hutoa kalsiamu, chuma, zinki na vitamini A ambazo minofu mitupu haina kwa kiasi hicho. Mlinganishe na sangara wa ziwa hilohilo: minofu yake hupakiwa na kusafirishwa Ulaya, wenyeji wakabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa.

Kwa uzito, dagaa ndiye anayeongoza katika mavuno ya ziwa hilo kubwa kuliko yote Afrika. Hukua haraka na kuzaa kabla ya kutimiza mwaka, hivyo hujirudishia idadi yake upesi. Havuliwi kwa meli kubwa zinazokunywa mafuta, bali kwa mitumbwi na taa usiku wa giza la mwezi, naye hukaushwa kwa jua bila gharama ya jokofu.

Lakini jua hilo hilo ndilo mtihani wake. Mvua ikinyesha wiki nzima, dagaa walioanikwa huoza. Walioanikwa chini huja na mchanga ambao kila mpishi anaujua kwa meno. Vichanja vya waya au nyavu, vinavyowainua kutoka ardhini, hupunguza hasara zote mbili. Dosari kubwa zaidi ni mshindani mezani: sehemu kubwa ya dagaa husagwa kuwa chakula cha kuku na samaki wa kufugwa. Mtoto wa kijijini hugombea kalsiamu na kuku wa mjini.

Nafaka yenye kalsiamu nyingi: ulezi

Gramu 100 za ulezi, au wimbi kama unavyoitwa Kenya, zina kalsiamu inayozidi miligramu 300. Maziwa ya ng'ombe ya uzito huo yana takriban 120. Hakuna nafaka nyingine ya kawaida inayoukaribia. Nao ni mzaliwa wa hapa: asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kutoka Uganda hadi Ethiopia. Huvumilia ukame, na ukikauka vizuri hukaa ghalani miaka bila kuguswa na wadudu, jambo lililoufanya kuwa akiba ya njaa kabla mahindi hayajatawala.

Dosari: ulezi una fitati, kemikali zinazoshika madini ili mwili usiyafyonze yote. Bibi zetu walikuwa na jibu. Kuuchachua uji, au kuotesha ulezi uwe kimea kabla ya kuusaga, huvunja sehemu ya fitati hizo. Wachaga nao hutumia kimea hicho kwenye mbege, pombe yao ya ndizi, ingawa hatutadai kwamba mbege ni dawa ya mifupa.

Nafaka yenye punje ndogo mno: tefu

Punje ya ngano moja ina uzito wa punje za tefu zipatazo 150. Kutoka kwenye chembe hizo Ethiopia imepata injera, mkate uliochachuliwa ambao ndio uti wa mgongo wa mlo wake. Tefu haina gluteni na ni nafaka nzima kwa lazima, kwa kuwa ni ndogo mno kukobolewa. Dosari yake ni umaarufu: nchi tajiri zilipoanza kuitaka, Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2006 kuuza nje tefu isiyosindikwa, ikihofia bei kuwashinda wananchi wake.

Kiazi kilicholeta tuzo ya dunia: viazi lishe

Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne, na watatu kati yao, Maria Andrade, Jan Low na Mganda Robert Mwanga, waliipata kwa kazi ya viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kiazi kidogo cha gramu 125 kinatosheleza mahitaji ya siku ya mtoto ambaye hajaanza shule. Hakihitaji kiwanda, wala kapsuli, wala gari la chanjo.

Dosari: watu wazima wengi huvipenda viazi vikavu vya unga mwingi, na aina za kwanza za viazi lishe zilikuwa na majimaji. Wazalishaji wa mbegu ilibidi warudi shambani kusaka utamu unaolingana na mdomo wa mlaji. Pia marando hufa kiangazi kikiwa kirefu, na asiye na bonde la kuyahifadhi hukosa mbegu mvua zinaporudi.

Mboga ya haraka: mchicha

Wiki tatu au nne baada ya kumwaga mbegu, mchicha uko sokoni. Ni miongoni mwa mimea inayotumia njia ya kujitengenezea chakula inayobana maji kwenye joto kali, sawa na mahindi na mtama. Mgagani, unaoitwa saga sehemu za Kenya, una sifa hiyo pia. Kwa miaka mingi mboga hizi zilihesabiwa magugu na chakula cha wasio nacho, mpaka watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta walipoanza kuchapisha thamani yake. Leo managu, yaani mnavu, na terere, yaani mchicha wenyewe, vinauzwa Nairobi bila aibu.

Dosari ni maji ya kumwagilia. Katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, watafiti wamekuta metali nzito kwenye mboga zinazonyweshwa maji ya mto uliochafuliwa. Kuosha majani hakuondoi kilichoingia kupitia mizizi, kwa hiyo muulize muuzaji bustani iko wapi.

Mti mkongwe: mbuyu

Mbuyu wa Panke nchini Zimbabwe ulikadiriwa kwa kipimo cha kaboni kuwa na miaka ipatayo 2,450 kabla haujafa mwaka 2011. Unga mweupe wa tunda lake hulizidi chungwa kwa vitamini C mara kadhaa, na mti haudai mbolea wala umwagiliaji. Umoja wa Ulaya uliuruhusu unga huo sokoni mwaka 2008. Dosari mbili: ubuyu mwekundu wa pakiti tunaoununua Zanzibar umebeba sukari na rangi, na utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba mibuyu tisa kati ya 13 iliyo mikongwe zaidi ilikuwa imekufa au kuanguka sehemu zake ndani ya miaka 12.

Zao lisiloomba hata tone la maji baridi: mwani

Tanzania inaongoza Afrika kwa kilimo cha mwani, na kitovu chake ni Unguja na Pemba, ambako kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989. Maji yakitoka, wanawake hushuka na kamba na vigingi, hufunga vipande vya mwani, kisha bahari hufanya kazi iliyobaki. Hakuna jembe, mbolea wala kisima.

Dosari ni kwamba hatuuli. Karibu wote husafirishwa nje kuwa malighafi ya kugandisha aiskrimu na dawa ya meno, na bei hupangwa mbali na vijiji vya wakulima kama Paje. Aidha, bahari imepata joto. Aina yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi, na kuihamishia kina kirefu kunahitaji mashua na kujua kuogelea, vitu ambavyo wakulima wengi wanawake hawakuwa navyo.

Badiliko rahisi kuliko yote: dona badala ya sembe

Uchambuzi wa nchi 195 uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2019 ulihusisha mlo mbaya na vifo milioni 11 kwa mwaka 2017. Chumvi nyingi, upungufu wa nafaka zisizokobolewa na upungufu wa matunda ndivyo vilivyoongoza. Cha pili kati ya hivyo kinatibiwa mashineni: mwambie msagaji asikoboe mahindi, akupe dona badala ya sembe. Unabaki na kiini, pumba laini, nyuzinyuzi na vitamini B, na kwa debe lilelile unapata unga mwingi zaidi.

Dosari hapa si ya kupuuzwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hujikusanya zaidi kwenye kiini na ganda, sehemu zilezile ambazo dona huzihifadhi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Dona inataka mahindi yaliyokaushwa sawasawa. Punje zenye ukungu hazifai hata kwa kuku.

Taka kubwa: chakula chenyewe

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilihesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu moja ya tano ya kilichowafikia walaji. Asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani. Kiporo kilichopashwa vizuri ni uhifadhi wa mazingira usiohitaji semina.

Rekodi yetu wenyewe

Tume ya EAT-Lancet ya 2019, yenye wanasayansi 37, ililinganisha mlo wa kila eneo na kiwango ilichopendekeza. Amerika Kaskazini ilikula nyama nyekundu karibu mara sita na nusu ya kiwango hicho. Afrika kusini mwa Sahara ilishika nafasi ya kwanza kwa mihogo, viazi na wenzao: mara saba na nusu. Kwa hiyo wito wa kupunguza nyama, uliotungwa kwa ajili ya Toronto, hauwezi kubandikwa Tabora kama ulivyo. Mtu anayeonja nyama siku ya sikukuu hana cha kupunguza.

Anacho cha kupanga upya. Mabingwa wengi waliotajwa hapa tayari wako mezani kwake, ila wamepewa kijiko cha mchuzi pembeni mwa mlima wa wanga. Punguza robo ya tonge kubwa, uijaze nafasi hiyo kwa upawa wa maharage, konzi ya dagaa na mchicha uliotiwa mafuta kidogo, kisha ule embe au papai lililo msimu. Gharama haipandi sana, na hakuna hata kimoja kinachohitaji poda ya duka la vyakula vya afya.