Luberizi: Kutoa manjanja na kuyarudisha bila nyumba kuvuja

Hapa bonde la Ruzizi, wengi wanatengeneza nyumba wakati wa kiangazi. Mchwa wakikula mbao, manjanja inabidi yatolewe. Mvua ikirudi mwezi wa tisa, matundu ya misumari ndiyo yanaleta shida.

Kofia ya paa inatolewa kwanza. Wakati wa kungoa msumari, ubao unawekwa chini ya nyundo, manjanja yasikunjike. Kila moja linaandikwa namba kwa makaa. Mbao mpya zinapigwa palepale pa zile za zamani, ili matundu yafuatane.

Wakati wa kurudisha, kazi inaanzia upande upepo unakokwenda, usiingie kwenye maungio. Msumari unapigwa kwenye mgongo wa janja, hapana kwenye mfereji wa maji. Tundu likipanuka, kipande cha mpira wa kinga kinawekwa chini ya kichwa cha msumari.