Kukwea na Jamaa Zake

Ukitaka madafu Msambweni, mtu wa kumtafuta ni mkwezi. Kumwita "mpandaji wa minazi" ni kumpunguzia haki yake, maana kukwea na kupanda si kitu kimoja.

Kupanda kumeenea kila mahali. Abiria wa Ukunda hupanda matatu, bei ya unga hupanda, na barabara ya kutoka Kombani hupanda kilima hadi mjini Kwale. Ndege ikiondoka uwanja wa Ukunda hupaa, kwa kuwa imeiacha ardhi. Kukwea kuna sharti: anayekwea hujivuta kwa viungo vyake, huku amekishika kile anachokikwea. Mbega wa Diani hukwea mti, moshi haukwei. Mgema naye hukwea, asubuhi na jioni, kotama kiunoni, akachonge karara ili tembo lidondoke kibuyuni. Mkwezi yeye kazi yake ni kuangua.

Lakini utamu wa neno hili umo ndani ya umbo lake. Kwa nini mwenye kukwea awe mkwezi? Hiyo z imetoka wapi? Zamani kitenzi hiki kilikuwa na l, ikadondoka katika Kiswahili. Wazulu bado wanayo: kupanda kwao ni khwela, na humo ndimo lilimotoka jina la kwela, muziki wa filimbi uliovuma Afrika Kusini miaka ya 1950. Kwetu, l hiyo ilipokutana na i ya kale ya mwisho wa nomino, iligeuka z kabla haijapotea. Ndivyo ilivyokuwa kwa lea na mlezi, pokea na mpokezi, okoa na mwokozi. Na l yenyewe hujitokeza tena tunaposema kukwelea, kama tusemavyo kupokelea.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyotupa kukweza. Wavuvi wakikivuta chombo kutoka majini hadi mchangani, wamekikweza. Anayejipa ukubwa asiokuwa nao anajikweza, yaani anajivuta juu mwenyewe. Kitenzi kimehama kutoka mwilini hadi tabiani bila kupoteza ile juhudi ya kujivuta.

Walimu wa Kiswahili, fundisheni maneno haya kwa jamaa zake, si moja moja. Nanyi waandishi wa habari mnaokuja Kwale kuandika juu ya minazi, mwandikeni mkwezi kwa jina lake.