Samaki wa Kijapani: Halali ya Bahari na Kile Kilichomhifadhi

Waislamu wengi wanaoishi ughaibuni, wakiwamo vijana wanaokwenda Japani kusoma, hujipa moyo kwa hoja moja nyepesi: nyama ya huko ina mashaka, basi tutakula samaki. Hoja hiyo ina msingi wake. Aya ya 96 ya Suratul Maida imehalalisha mavuo ya baharini, na watu wa mwambao wetu, ambao wengi ni wafuasi wa Imam Shafi, hawaoni tabu hata kwa pweza na kamba, ijapokuwa ndugu zetu wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa wana mipaka iliyo finyu zaidi. Tatizo ni kwamba samaki wa Kijapani ni nadra kufika mezani vivi hivi. Amepitia moshi, chumvi, mchuzi au baridi kali, na shaka iliyopo mara nyingi haimo katika nyama yake bali katika kile kilichomhifadhi.

Tuanze na kile ambacho hakina mashaka, nacho ndicho msingi wa upishi wote wa Kijapani. Ni jodari mdogo mwenye mistari tumboni, ambaye akishakaushwa huitwa katsuobushi. Miji ya Makurazaki, kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu, na Yaizu, upande wa kusini-magharibi wa Tokyo, inajulikana kwa kazi hiyo. Samaki hupasuliwa minofu, huchemshwa polepole kwa muda wa saa moja au zaidi, hutolewa miba, kisha hupigwa moshi wa kuni ngumu. Hupumzishwa, na kesho yake hurudishwa motoni. Mzunguko huo hurudiwa kwa siku nyingi mpaka nyama iwe nyeusi kwa nje na kavu mpaka ndani. Aliye bora huendelea mbele zaidi: hukwanguliwa ule weusi, hupandikizwa kuvu maalumu isiyodhuru, huanikwa juani, hupandikizwa tena na kuanikwa tena. Kuvu hiyo hunyonya maji yaliyosalia na kula mafuta. Baada ya miezi kadhaa kinachobaki ni kipande kigumu kama mpingo, ambacho ukikigonga na kingine hulia. Kisu hakikiwezi; Wajapani hukiparuza kwa kisanduku chenye randa, sawa na randa ya seremala, na maranda yake membamba ndiyo yanayotiwa katika supu.

Elimu ya namna hiyo haikuwa ya Wajapani peke yao. Ibn Battuta, ambaye alikuwa amekwisha kupita Mombasa na Kilwa, alifika visiwa vya Maldives mwaka 1343 na kuwakuta Waislamu wa huko wakimkata samaki wa jamii hiyo hiyo vipande, wakimchemsha kidogo na kumkausha kwa moshi, kisha wakimpeleka kuuzwa Bara Hindi, China na Yemen. Mpaka leo samaki huyo wa Maldives na yule wa Makurazaki wanafanana kama ndugu.

Maranda hayo huungwa na kombu, mwani mpana unaovunwa kwa wingi Hokkaido. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda aliichunguza supu ya kombu akaitambua asidi ya glutamiki, akaipa ladha yake jina la umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akatambua kiini cha ladha ya katsuobushi. Viini hivyo viwili vikikutana, ladha huzidi mno kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Wasio na uwezo wa kununua jodari hutumia niboshi, ambao si wengine ila dagaa waliochemshwa na kuanikwa.

Chumvi nayo ina historia yake. Vibua kutoka bandari ya Obama walitiwa chumvi na kubebwa mabegani hadi Kyoto, safari ya kilomita sabini na ushei, na inasemwa kuwa walifika chumvi ikiwa imekolea barabara. Kandokando ya Ziwa Biwa, samaki wa maji baridi hushindiliwa ndani ya wali kwa muda mrefu, hata mwaka mzima, mpaka wachachuke. Huyo ndiye mzee wa sushi tunayoijua leo.

Kuhusu baridi, wengi huamini kwamba samaki wa kuliwa mbichi lazima awe ametoka majini asubuhi hiyo. Sivyo. Meli za Kijapani, ambazo zimevua jodari katika Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1950, humgandisha papo hapo na kumweka katika nyuzi 60 chini ya sifuri, kwa sababu katika baridi ya friza ya kawaida wekundu wake hugeuka kahawia. Katika soko la Toyosu mjini Tokyo, lililofunguliwa Oktoba 2018, jodari waliogandishwa hukatwa mkia, na wanunuzi huimulika nyama hiyo kwa tochi kabla ya mnada. Baridi pia ni kinga. Mnyoo wa anisakis hufa akigandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda usiopungua saa 24, ilhali siki haimuui, hata samaki aloweshwe namna gani.

Mashaka yanaanzia kwenye michuzi. Mkunga wa kuchoma anayeuzwa akiwa amegandishwa amepakwa mchuzi wa soya, sukari na mirin, na mirin halisi ni pombe tamu ya mchele yenye kileo cha takriban asilimia 14. Mayai ya samaki yenye pilipili, yaitwayo mentaiko, aghalabu huloweshwa kwa sake. Vile vijiti vyeupe vyenye rangi nyekundu vinavyoitwa vya kaa kwa kawaida si kaa, bali ni samaki mweupe aliyesagwa, na mara nyingi mirin imo humo pia. Hata pakiti ya supu ya unga yenye picha ya samaki mtupu inahitaji kusomwa nyuma. Hukumu ya kileo kidogo kilichozalika chenyewe katika soya tunawaachia wanazuoni; pombe iliyomiminwa kwa makusudi ni jambo jingine.

Kwa msomaji wetu aliyeko Japani, maneno ya kutafuta kwenye lebo ni mirin, sake na shusei, hili la mwisho likiwa ni kileo kinachotiwa ili chakula kisiharibike. Awe na tahadhari moja: samoni naye huitwa sake. Kwa sikio la mgeni hawatofautiani, bali herufi zake ni nyingine, kwa hiyo amwombe muuzaji amwonyeshe kwa kidole.

Akina mama watakaopenda kujaribu nyumbani hawahitaji pakiti yoyote. Loweka kipande cha kombu katika maji baridi, pasha moto taratibu, ukitoe kabla maji hayajachemka, tia maranda ya jodari, zima moto, kisha chuja. Panapotakiwa mirin, sukari na maji vitafaa, pamoja na tone la siki. Na asiyepata katsuobushi achukue dagaa wakavu wa baharini, awatoe vichwa na matumbo ili supu isiwe chungu, awaloweke kwa nusu saa ndipo abandike sufuria.