Sukari, Kisukari na Sukkari: Maana ya Majina na Saumu ya Mgonjwa

(Nakala ya mhadhara wa Ramadhani uliotolewa Riyadh baada ya Sala ya Alasiri na kufuatiliwa na ndugu zetu wa Jeddah)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.



Magharibi itakapoingia, wengi wetu tutafuturu kwa tende ya sukkari, ile laini ya manjano itokayo Qassim. Na kwenye mkeka huohuo watakuwapo waja wa Mwenyezi Mungu ambao daktari amewaandikia neno hilohilo: sukkari. Kwa Kiarabu cha hapa, jina moja limebeba neema na maradhi. Leo nataka tuyatazame majina ya maradhi haya, kwa kuwa wengi wetu hudanganywa na jina kabla ya kudhuriwa na ugonjwa.

Ramadhani iliyopita nilisafiri kwa gari pamoja na ndugu watatu kutoka hapa kwenda Jeddah. Baada ya Alasiri mmoja wetu, mtu mzima na mcha Mungu, alianza kutokwa na jasho, maneno yakamchanganyika, akawa mkali pasipo sababu. Mmoja wetu alisema ni uchovu. Mwingine akaninong'oneza neno ambalo sitalirudia mbele yenu, kwani alimdhania ulevi. Tulipofungua mkoba wake tukakuta sindano za insulini. Alikuwa bado aweza kumeza, tukamnywesha maji ya sukari, na baada ya robo saa akili yake ikarejea. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akanijibu: "Sheikh, mimi nina kisukari kidogo tu."

Neno hilo, "kisukari kidogo", sijalisahau. Huenda masikio yetu husikia ki- na kudhani ni ile ya kitoto na kijumba, ya kudogosha. Sivyo. Hii ni ki- ya kifafa, kichocho na kipindupindu. Hakuna asemaye ana kipindupindu kidogo.

Neno sukari lenyewe tumelipata kwa Waarabu, sukkar. Waarabu walilipata kwa Waajemi, shakar. Na asili yake ni Kisanskriti, sharkara, lenye maana ya changarawe, kwa sababu ya chembechembe zake. Tafadhalini msilichanganye na sukr, yaani ulevi, wala na sakarati za mauti. Herufi ni zilezile, sin, kaf na ra, lakini asili ni mbalimbali. Hata hivyo, mambo haya mawili hufanana machoni: mtu ambaye sukari imemshuka huyumba na kupayuka kama mlevi. Basi kabla ya kumdhania nduguyo mabaya, mkague kidole chake kwa kipimo.

Watu wa kale waliupa ugonjwa huu majina makali zaidi kuliko letu. Wayunani waliuita diabetes, kutokana na kitenzi chenye maana ya kupita katikati, kwa kuwa maji huingia kwa mgonjwa na kutoka kama yapitayo katika bomba. Tabibu Aretaeus wa Kapadokia aliueleza kuwa ni kuyeyuka kwa nyama na viungo vikatoka kwa njia ya mkojo. Waislamu waliporithi elimu hiyo waliliandika jina hilo kwa herufi za Kiarabu, diyabitus. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameutaja katika al-Qanun fi al-Tibb, na ametaja pia jina la dulab, yaani gurudumu la kutekea maji: hujaa, humwaga, hurudi kujaa tena. Ndiyo hali ya mgonjwa anayekunywa na kukojoa usiku kucha.

Waganga wa Kihindi waliuita madhumeha, mkojo wa asali, kwani waliona sisimizi wakiukusanyikia. Madaktari wa Ulaya nao wakaongeza neno la Kilatini mellitus, lenye maana ya utamu wa asali. Mwaka 1776 tabibu Mwingereza Matthew Dobson alithibitisha kwamba utamu huo ni sukari, na kwamba imo pia ndani ya damu.

Neno insulini lina asili inayotuhusu sisi watu wa Unguja, Pemba na Lamu. Latokana na insula, kisiwa. Mwaka 1869 Paul Langerhans aliona ndani ya kongosho vikundi vya chembe hai vilivyotawanyika mithili ya visiwa. Humo ndimo itokamo insulini, ambayo huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia mwilini ikawa nguvu. Insulini ikikosekana, au mwili usipoitikia, sukari hubaki katika damu na kuharibu macho, figo na mishipa. Basi maradhi haya si hadithi ya chai tamu peke yake.

Nije kwenye maneno mtakayoyasikia hospitalini. Hubut as-sukkar ni kushuka kwa sukari. Irtifa' ni kupanda. Ghaybuba ni kupotewa na fahamu, na shina lake ndilo la neno letu ghaibu. Tarakumi, yaani iliyolimbikizana, ni kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu. Sukkar sa'im ni sukari iliyopimwa kabla ya kula. Ndugu mmoja aliliona neno sa'im katika karatasi yake akadhani daktari amemruhusu kufunga. La! Neno hilo laeleza kipimo, halitoi ruhusa.

Tahadharini pia na tarakimu. Mashine nyingi za hapa huhesabu kwa miligramu, na nyingi za kwetu Afrika Mashariki kwa milimoli. 70 ya hapa ni 3.9 ya kule. Ukitaka kugeuza ya kule kuwa ya hapa, zidisha kwa 18.

Ama hukumu ya saumu, Mwenyezi Mungu amemsamehe mgonjwa katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, iliamua mwaka 1997 kwamba kutoa damu ya kupimwa hakubatilishi saumu, wala sindano ya dawa isiyokuwa ya lishe. Mwaka 2009, katika kikao cha Sharjah, iliwagawa wagonjwa wa kisukari katika mafungu manne. Mafungu mawili ya kwanza, ambayo madaktari wanaona madhara makubwa ni ya yakini au yana uwezekano mkubwa, hawa wanawajibika kula. Mawili ya mwisho hawali ila kwa ushauri wa daktari mwaminifu. Basi muulizeni daktari kabla ya Ramadhani kuingia.

Na anayefunga, sukari ikishuka chini ya 70 au ikipanda juu ya 300, afungue papo hapo, hata zikiwa zimebaki dakika tano kabla ya adhana. Ukimkuta aliyezimia, usimtie kitu kinywani, piga 997. Anayeweza kulipa siku baadaye atalipa. Ambaye hatarajii kuweza, atalisha maskini kwa kila siku.

Wengine huona haya kula mchana. Ndugu zangu, rukhsa ndiyo iliyotupa neno ruhusa, na kutoka shina hilohilo tukapata rahisi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hupenda rukhsa zake zifuatwe. Anayeikubali amemtii Mola wake, na wala hajapungukiwa.

Yule msafiri wetu mwaka huu hafungi. Juzi alinipigia simu kuniambia kwamba analisha maskini, na kwamba amewaeleza wenziwe kazini maradhi yake kwa jina lake kamili, bila ya kuongeza neno kidogo.

Ewe Mola wetu, wape afya wagonjwa wetu, utukubalie saumu ya mwenye kufunga na fidia ya mwenye udhuru. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.