Maua ya Bariadi: bei ya mche na bei ya ndoo

Mtu wa Bariadi anayetaka maua mbele ya nyumba huanza kwa kuuliza mche ni shilingi ngapi. Ningependa aanze na swali la maji. Mvua za Simiyu huanza kati ya Oktoba na Novemba, hulegea kidogo Januari au Februari, na Mei ikiisha nazo zimekwisha. Tangu Juni hadi Oktoba ua litaishi kwa maji utakayolipelekea wewe. Hapo ndipo maua mawili yaliyouzwa bei moja kitaluni yanapoachana, moja likawa nafuu na jingine likala fedha ya mboga.

Chukua deilili, ambayo wapenda bustani wengi wameiona kwenye simu na wanaitamani. Asili yake ni Asia ya mashariki. Kila ua hufunguka na kunyauka siku hiyo hiyo, lakini bua moja hubeba vitumba vingi, hivyo shina lililostawi huchanua wiki kadhaa. Ni mmea mvumilivu: jua kali haliuui, na ukikosa maji kwa muda hupunguza maua kabla ya kufa. Ila ukitaka maua ya kutosha, unahitaji maji ya kina cha kama milimita 25 kwa wiki.

Tupige hesabu. Kitalu cha mita 2 kwa 2 kinabeba mashina 16 yaliyoachana nusu mita. Milimita 25 juu ya eneo hilo ni lita 100, yaani ndoo 5 za lita 20 kila wiki. Juni hadi Oktoba ni wiki 22, kwa hiyo ndoo 110. Kama ndoo kwenu ni shilingi 50 kwenye kioski, kiangazi kimoja kitakugharimu 5,500. Kama unaletewa na mkokoteni kwa shilingi 300, ni 33,000. Weka bei ya mtaani kwako uone mwenyewe. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwa Simiyu, unaofadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi pamoja na benki ya KfW ya Ujerumani, umepangwa kuanza na Busega, Itilima na Bariadi. Aliye na bomba la uhakika ana hesabu tofauti kabisa na anayesubiri mkokoteni.

Wapo wanaoagiza mizizi nje ya nchi kupitia mtandao. Siwashauri. Mmea hai unahitaji kibali cha kuuingiza na cheti cha afya ya mimea, na anayesimamia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Masharti hayo yana sababu. Kutu ya deilili, ugonjwa wa kuvu, ilionekana Marekani mwaka 2000, kisha ikasambaa majimbo mengi kwa njia ya miche iliyouzwa. Ukipata kitalu cha Mwanza kinachouza deilili, mche utapanda basi la Bariadi kupitia Lamadi kwa nauli ya kifurushi. Uliza jambo moja kabla ya kulipa: je, ni aina inayobaki na majani mwaka mzima? Ile inayolala wakati wa baridi huhitaji baridi hiyo ili ipate nguvu, na kwetu itadhoofika mwaka hadi mwaka.

Ukitaka mwonekano unaokaribiana nayo kwa fedha kidogo, panda kana. Jirani atakuchimbia kipande cha shina lake la chini bila kudai kitu. Kana hupenda maji kuliko deilili, lakini maji ya kuogea yanaitosha, mradi hayana dawa ya kufulia yenye klorini. Pia haiogopi udongo wa mbuga, ule mweusi unaotuamisha maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Deilili kwenye mbuga huoza mizizi usipoinua tuta. Kwenye luseni, udongo wetu wa kichanga, shida ni kinyume chake: maji hupita tu, na hapo samadi iliyooza ndiyo dawa. Katika mkoa wenye ng'ombe wengi kama huu, samadi haipaswi kuwa gharama kubwa.

Kwa nyumba inayonunua maji, chaguo langu ni bogenvilia na waridi la jangwani. Bogenvilia ikishashika mizizi, ukame wenyewe huichochea kutoa maua. Vipandikizi ni vya bure. Vichomeke mvua zinapoanza, na uchomeke vingi kwa sababu vingine havitashika. Waridi la jangwani hutunza maji ndani ya shina lake nene; ndoo moja kwa wiki inatosha manne katika mwaka wa kwanza. Lakini utomvu wake ni sumu kali. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, linalopakana na Meatu, huupaka kwenye mishale ya kuwindia. Penye watoto wanaotambaa, usilipande. Mwenye paka naye ajue kwamba deilili ni sumu kwa mnyama huyo.

Nyinyoro ya porini, ile ya mpira mwekundu unaotoka mvua zinapoanza, haihitaji hata tone kiangazi kwa kuwa hulala chini ya ardhi. Kasoro yake ni kuchanua mara moja tu kwa mwaka, na kitunguu chake nacho ni sumu.

Gharama inayosahaulika ni ya kuzuia mbuzi. Wigo wa minyaa, kama wa miji ya zamani ya Usukuma, ni nafuu kuliko seng'enge, ila maziwa yake yakiingia machoni yanaumiza vibaya, kwa hiyo ukate ukiwa umejikinga. Matandazo yatapunguza ndoo: chukua maganda ya mpunga kwenye mashine ya kukoboa. Mashina ya pamba usiyatumie. Hung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili funza wasivuke msimu.

Ukiamua kununua deilili, anza na mashina matatu, uyapande Novemba. Baada ya miaka mitatu hivi yachimbue mvua zikianza na kuyagawa kwa kisu, kila kipande na mizizi yake. Kitalu kitajaa bila kununua mche wa nne.